Jinsi ya kuchambua shoo za Eurovision bila kujua lugha hata moja wanayoimba

Kila mwezi wa tano meseji ni zile zile. Fainali ya Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya ambapo kila nchi inapeleka wimbo wake na watu wanapiga kura, inaanza saa nne usiku kwa saa zetu, ikifika saa sita hivi chalii mmoja wa Ngarenaro anaandika huyu anaimba nini sasa, mwingine wa Pasua anajibu sijui ila taa kali, afu kimya, watu wamelala. Mi nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi noti za dakika sita, kwahiyo naweka hapa njia ninayotumia mwenyewe. Na nianze na hilo hilo la lugha maana ndo kila mtu analililia. We huelewi Kiukraine, sawa, ila mtu wa Ureno anayepiga kura usiku ule nae haelewi Kiukraine, na yule wa Finland haelewi Kireno, yani karibu wote wanahukumu nyimbo ambazo maneno yake hawayajui, na waliopanga jukwaa wanalijua hilo, wamepanga kwa ajili ya mtu kama wewe. Afu sisi mbona tuna mazoezi, tumecheza Kilingala toka utoto bila kuelewa neno. Mario ya Franco ya 1985 ni habari ya kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, ila nenda harusi yenye wazee pale Kiboriloni uone inavyosakatwa na maharusi wamekaa mbele.

Hatua ya kwanza: zima sauti. Hii sikuitoa kwenye kitabu. Mwaka 2023, mashindano yapo Liverpool, huku Moshi masika inapiga bati hakuna anayesikia kitu, spika ya laptop ilishakufa kitambo na ile niliyoazima ikagoma kuwaka, tukawa tunaangalia bubu mi na binamu yangu aliyekuja toka Arusha kwa mambo yake ya vipuri, mtu ambae muziki haumhusu kabisa. Akatokea Loreen wa Sweden na wimbo wake Tattoo. Amelala katikati ya skrini mbili kubwa, moja chini yake, moja juu yake imeshuka karibu imguse, kucha ndefu, anajinyanyua kidogo kidogo. Binamu akasema, we huyu dada kabanwa na mawe mawili na wala haonekani kama anataka kutoka. Kesho yake nikasoma tafsiri ya mashairi: mtu anaepaswa kuondoka na hataki, mapenzi yamemganda kama chale kwenye ngozi. Binamu alikuwa ameshaupata wimbo mzima bila sauti. Toka siku hiyo sijawahi kuanza na sauti.

Sasa ukishazima sauti uandike nini. Chukua daftari, gawa ukurasa kwa mstari, kushoto andika muda wa video, kulia andika kilichobadilika, basi. Usiandike "nzuri", usiandike "inagusa", andika vitu: kamera imesogea usoni, taa zimekuwa nyekundu, wachezaji wameingia kulia, ameanza kutembea. Wimbo wote hauzidi dakika tatu, ndo sheria, kwahiyo hata bando haliumii, weka ubora wa 480 inatosha. Ukifanya kwa nyimbo tano utaona mabadiliko makubwa yanapenda kukaa sehemu mbili, kiitikio cha pili na pale kabla ya kiitikio cha mwisho, dakika ya pili na kidogo, hapo ndo wanafyatua walichokuwa wameficha. Mfano mzuri ni Loreen huyo huyo 2012 kule Baku na Euphoria, karibu wimbo mzima yupo peke yake, miguu peku, giza, afu mwishoni ndo anatokea mchezaji mmoja tu wa kiume. Angekuwepo toka mwanzo usingemuona, angekuwa fanicha.

Na angalia kamera kuliko unavyoangalia mwimbaji. Wanaopiga kura wengi hawapo ukumbini, wanaona kile kamera inachowapa, kwahiyo hesabu: kamera imeruka mara ngapi kwenye ubeti, mara ngapi kwenye kiitikio? Ikiwa inaruka ruka kila sekunde mbili jiulize wanaficha nini, mara nyingi sauti haitoshi au wimbo mwepesi. Ikitulia usoni kwa mtu sekunde kumi na tano wanamwamini huyo mtu.

Sheria nyingine za kukaa nazo kichwani: jukwaani mwisho watu sita. Mwimbaji mkuu anaimba laivu, biti imerekodiwa, bendi ya ukumbini iliondoka kuanzia 1999, na toka 2021 hata sauti za nyuma zinaruhusiwa kuwa zimerekodiwa, ndo maana saiz unaona wachezaji watano wanaruka na hakuna anaeitikia ila sauti za kuitikia unazisikia. Wanyama hai hawaruhusiwi (kwahiyo ng'ombe tuache nyumbani). Na kati ya wimbo na wimbo wana muda usiofika dakika moja kubadilisha vitu vyote jukwaani wakati we unaoneshwa kile kivideo kifupi cha kumtambulisha anaefuata. Hii mi naipenda sana, maana inamaanisha kila kiti, kila ngazi, kila boti unayoiona pale watu wameisukuma mbio gizani. Kitu kilichosukumwa hivyo lazima kina kazi. Kazi yake ndo unatakiwa uiseme, na ukiona haina kazi, sema pia, umepata kosa lao.

Hatua ya pili washa sauti ila geuza simu, sikiliza tu bila kuona. Hapa sina mengi, tafuta pale ambapo wimbo unapanda au kuvunjika. Waliopitia kwaya wanajua, pale mwalimu anapandisha ufunguo na sauti ya nne wanaanza kutoka jasho. Weka alama kwenye lile daftari uone kama inagongana na mabadiliko ya jukwaa au yamepishana.

Hatua ya tatu ndo mashairi, na hapa watu wanaogopa bure. Tafsiri zipo mtandaoni, soma mbili tofauti kama unaweza maana ile ya mashine ina mambo yake. Afu ile fani na maudhui uliyokaririshwa kidato cha tatu na kuapa hutaitumia maisha yako yote, leo ndo kazi yake. Nani anaongea? Anaongea na nani? Huyo anaeongeleshwa yupo au hayupo? Neno gani linarudi rudi? Maswali manne tu. Halafu chukua majibu uyaweke kando ya lile daftari la bubu uone jukwaa limefanya nini na maneno. Kuna wanaorudia tu, akiimba moto wanawasha moto, akiimba mvua skrini inanyesha, hao wapo wengi na kwangu mimi ni uvivu. Wazuri ni wale ambao jukwaa linasema kile ambacho mashairi yamekibakiza.

Tumia huyu kama darasa: Salvador Sobral, Ureno, 2017, Kyiv. Wimbo Amar pelos dois, kautunga dada yake Luísa. Ukiangalia bubu unapata kijana mmoja, hayupo hata kwenye jukwaa kubwa, kawekwa kwenye kijukwaa kidogo katikati ya watu, hakuna mchezaji, hakuna moto, mikono inatetemeka tetemeka hewani kama anaongea na mtu, kamera imetulia. Daftari langu lilikuwa karibu tupu, nikajua nimekosea kitu. Sasa soma maneno: anamwambia aliyemwacha, kama moyo wako hautaki, moyo wangu unaweza kupenda kwa niaba yetu wawili. Umeona? Anaeongeleshwa hayupo. Kile kijukwaa kina nafasi ya mtu wa pili na mtu wa pili haji, na ile mikono inamshika mtu ambae haonekani. Wangeweka mchezaji wa kike pale akazunguka na gauni, kama wengi wangefanya, wimbo wote ungekufa hapo hapo. Alipata pointi 758, akaongoza kwa majaji na kwa watazamaji, na Ureno ilikuwa inashiriki toka 1964 haijawahi kushinda hata mara moja.

Kubadilisha lugha katikati ya wimbo nako ni jukwaa, kusikupite. Jamala wa Ukraine alishinda 2016 kule Stockholm na wimbo unaitwa 1944, mwaka ambao Stalin, mtawala wa Usovieti, aliwahamisha kwa nguvu Watatari wa Crimea kutoka kwao, na bibi mzaa bibi yake alikuwa mmoja wao. Beti kaimba Kiingereza, kiitikio Kitatari cha Crimea. Yani habari anawasimulia wageni kwa lugha ya wageni, ila akifika kwenye kilio anarudi nyumbani. Na nyuma yake mti wa mwanga unaota kutokea chini. Sisi wa Moshi na Arusha tunalijua hili vizuri kuliko tunavyojipa sifa, X Plastaz, lile kundi la hip hop la Arusha, walikuwa wanachana Kiswahili afu mwenzao Merege anaingia na Kimaasai, na machalii wengi wa mjini hata Kimaasai hawakijui, ila pale akiingia yeye kila mtu alinyamaza.

Tahadhari sasa, usichambue mpaka ukavuka mpaka. Mi niliwahi kukaa wiki nzima nawaambia watu kwamba lile kasha la mbao la Käärijä wa Finland, Cha Cha Cha, 2023 hiyo hiyo, ni habari ya wahamiaji, kontena, mipaka, niliandika kurasa mbili kwa uchungu kabisa. Nikaja kusoma tafsiri: jamaa wiki imekuwa ndefu, anataka kunywa na kuingia kucheza, aache aibu. Basi. Kasha ni ile aibu, ndo maana anaanza humo akiwa mkali mkali, wimbo ukigeuka kuwa wa kuimbika yuko nje na wachezaji wenye nguo za pinki. Binamu mpaka leo akinikuta anauliza wahamiaji hawajambo?

Kuhusu pointi, usizitumie kama ndo uthibitisho kwamba uchambuzi wako uko sawa. Kila nchi inatoa 12, 10, afu 8 kushuka hadi 1, mara mbili, za majaji na za watazamaji. Mwaka huo 2023 Käärijä alipata 376 za watazamaji na Loreen 243, ila majaji wakampa Loreen 340 na Käärijä 150, kombe likaenda Sweden. Na 2016 Jamala hakuongoza popote, majaji walimpenda zaidi Dami Im wa Australia, watazamaji Sergey Lazarev wa Urusi, yeye akawa wa pili kote kote na akashinda. Afu kuna kitu watu hawajui, majaji wanapiga kura kwenye mazoezi ya usiku wa kuamkia fainali, kwahiyo ile shoo unayobishana nayo Jumamosi sio waliyoihukumu. Mwimbaji akikohoa Ijumaa imekula kwake. Na toka 2023 hata sisi tusioshiriki tunaweza kupiga kura kwa intaneti ukiwa na kadi ya benki, dunia yote iliyobaki tunahesabiwa kama nchi moja.

Ukitaka kujipima kabla ya mwezi wa tano anza na nyumbani, mashindano ya kwaya ndo yanafaa zaidi maana wimbo wa lazima kwaya zote wanaimba ule ule, maneno yale yale, kwahiyo kinachotofautiana ni jinsi wanavyoingia, wanavyosimama, mwalimu anawaangalia au anaangalia majaji. Video zipo kibao. Zima sauti.

Ukimaliza hapo fanya huyu: JJ wa Austria, Wasted Love, ameshinda 2025 kule Basel. Ndo yule wa boti. Picha nyeusi na nyeupe, dhoruba, sauti ya juu ya opera, afu mwishoni biti inageuka kabisa. Ile boti imesukumwa gizani chini ya dakika moja kama nilivyosema, sasa niambie ina kazi gani, na kwanini picha haina rangi. Ya kwangu nimeshaiandika ila siweki hapa, binamu anasubiri anicheke.