Kabla kijiji hakijafungua pango lake kwa wageni

Vijana wengi wa vijiji vya maweni, kusini na mashariki mwa Unguja, wanauliza kwa nini wageni waishie pwani tu ilhali mapango yapo nyuma ya nyumba zetu. Swali la haki kabisa. Tanzania ina Jiopaki ya Dunia ya UNESCO tangu 2018, Ngorongoro-Lengai, yaani eneo linalotambuliwa kwa miamba na ardhi yake ya pekee, na msingi wa jiopaki ni kwamba wenyeji wawe mbele katika kuitunza miamba yao na kufaidika nayo. Zanzibar hatuna hadhi hiyo, lakini hatuihitaji ili tuanze vizuri.

La kwanza ni maji, na hapa naomba kamati ya kijiji isiharakishe. Jiwe letu ni matumbawe ya kale, limejaa vitundu. Mvua ya masika haikai juu, inazama. Chini huko maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, na mara nyingi kisima cha kijiji na kidimbwi cha pangoni vinategemea maji hayo hayo. Mgeni akijitosa na mafuta ya kujikinga na jua mwilini, au choo cha shimo kikichimbwa karibu na mdomo wa pango, udongo wa kuchuja uchafu huo ni haba mno. Kwa hiyo kabla ya kuandika kibao cha bei, amueni kama kuoga kunaruhusiwa. Rai yangu: kama kuna mtu anayechota humo au jirani, marufuku. Choo kiwe cha tangi lililozibwa, na Mamlaka ya Maji (ZAWA) iombwe kupima maji kabla ya mgeni wa kwanza kuingia, ili mwakani muwe na cha kulinganisha.

Kisha mjue wageni wenyewe wanakuja lini. Msimu unafahamika: Julai na Agosti, halafu Disemba hadi Februari, masika njia za vumbi huwa tope. Lakini ndani ya msimu kuna jambo ambalo watu wa mjini hawalioni. Pwani ya mashariki maji yakitoka, yanakwenda mbali, na mgeni wa Paje au Jambiani hana pa kuogelea kwa saa kadhaa. Hapo ndipo anapotafuta pa kwenda. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hukauka sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na magari yote yatakufikieni kwa mkupuo. Kalenda ya maji mnayo vichwani, basi pangieni zamu kwayo. Kaeni pia na madereva wanaobeba watalii. Wao ndio wanaojua mgeni anauliza nini na ana muda gani kabla ya kurudi hotelini.

Idadi ya wageni wa kuingia kwa pamoja isikisiwe. Ingieni wenyewe watu kumi, simameni dakika ishirini, muone kama wa nyuma anamsikia anayeeleza, kama joto linapanda, kama popo wanaruka. Mkipata idadi yenu, ishikeni hata mapapasi, wale wanaowinda watalii mitaani, wakija na basi zima.

Wazee waulizwe mapema, na wanawake wasisahauliwe. Mdomoni mwa mapango mengi utakuta vitambaa vyekundu na vyeupe vimefungwa, na majivu ya ubani bado mepesi juu ya jiwe. Hiyo ni ibada ya watu walio hai. Kama kuna siku au sehemu isiyoingiwa, iwe hivyo hivyo kwa mgeni, wala asipige picha.

Mwongoza wageni naye awe na la kusema. Katika Pango la Kuumbi, Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta dalili za watu wa zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya pundamilia. Pundamilia Unguja! Ni kwa sababu kisiwa kilikuwa kimeungana na bara kabla bahari haijapanda. Mgeni akisikia hayo hatasahau. Aelezwe pia kwamba vidole vya mawe vinavyoning'inia mara nyingi havikui hata milimita moja kwa mwaka, na mafuta ya mkono yanaviharibu. Mkikuta vigae au mifupa, msichimbe. Iiteni idara ya mambo ya kale.

Karatasi za vibali zianzie kwa sheha, halmashauri, Kamisheni ya Utalii na mamlaka ya mazingira (ZEMA). Tochi za akiba, kofia ngumu, viatu vya kufunga, na gari la kumpeleka mtu kituo cha afya viwepo.

Mwisho, fedha. Jozani sehemu ya kiingilio hurudi vijijini, na watu wanaona faida ya msitu wao. Toeni risiti kwa kila mgeni, daftari lisomwe hadharani kila mwezi, na kina mama waliopika chakula cha wageni walipwe siku hiyo hiyo, wasingojeshwe hadi msimu uishe.