Jinsi ya Kupima Utafiti Kuhusu Kuzuia Uhalifu wa Vijana

Kabla ya kukubali kwamba mpango fulani umepunguza uhalifu wa vijana, tafuta kwanza kundi la kulinganisha, yaani vijana wanaofanana na walioshiriki lakini hawakupata huduma hiyo, kwa sababu wengi huacha makosa wenyewe wanapokua. Kisha angalia jinsi makosa yalivyohesabiwa: rekodi za polisi huonyesha pia bidii ya polisi, hivyo zilinganishe na maelezo ya vijana wenyewe. Usiridhike na ufuatiliaji mfupi. Utafiti wa Cambridge-Somerville, ulioanza Marekani mwaka 1939, uliwapa wavulana ushauri na misaada, kwa nia njema kabisa, lakini mtafiti wa uhalifu Joan McCord alipowafuatilia takriban miaka 30 baadaye, alikuta kwamba katika baadhi ya vipimo waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wasiosaidiwa.