Dijei, akaunti ya kustrimi sio leseni ya kupiga shoo: jipange hivi

Madijei wengi siku hizi wanafika kazini na lapitopu, kontrola na akaunti ya muziki ya kulipia kila mwezi, alafu ukiwauliza ruhusa ya kupiga iko wapi wanakujibu "mi nalipia premiamu". Sawa, unalipia, ila unalipia nini? Fungua masharti ya Spotify au Apple Music utakuta wameandika waziwazi kwamba ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, maana yake usikilize wewe mwenyewe, ukiwa njiani, ukiwa mazoezini, ukiwa nyumbani. Ukumbi uliojaa watu waliolipa kiingilio haumo humo hata ukilipia kifurushi cha juu kabisa.

Naandika haya kwa sababu hii ndo kazi inayotulisha na inasikitisha kuona dijei mzuri kabisa anafutiwa chaneli yake ya miaka, au anabaki anashangaa tu pale mwandaaji anapomgeuzia kibao kuhusu leseni, wakati mambo yenyewe yanaeleweka mtu akiyachambua vizuri.

Anza kwa kutenganisha vitu vitatu. Kuna KUPIGA muziki mbele ya watu, kuna KUNAKILI yaani kuweka mafaili kwenye lapitopu na flashi, na kuna KURUSHA au kupandisha mixi mtandaoni. Kila kimoja kina ruhusa yake na mara nyingi kina mtu wake wa kulipa, na ukitaka kujua uko salama au la, jiulize tu "hapa nafanya kipi kati ya hivi vitatu?" Karibu ubishi wote ninaousikia kwa madijei unatokana na mtu kuwa na ruhusa ya kimoja akadhani anayo ya vyote.

Jingine la kushika ni kwamba trak moja ina wenyewe wa aina mbili. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi, huo ni wa mtunzi na kampuni inayosimamia kazi zake, alafu kuna rekodi yenyewe, hiyo sauti iliyotoka studio, ambayo kwa kawaida ni ya lebo (kampuni inayotoa nyimbo za msanii) au ya msanii aliyejigharamia. Upande wa watunzi unalindwa kimataifa na Mkataba wa Berne wa 1886, upande wa waimbaji na watayarishaji wa rekodi ukaja kuwekewa Mkataba wa Roma wa 1961, ndo maana sheria nyingi zinataja hakimiliki (ya watunzi) na hakishiriki (ya waimbaji na watayarishaji) kama vitu viwili. Kwa hiyo msanii akikwambia "piga tu ndugu yangu, nimekuruhusu", muulize na lebo yake imeruhusu? Na aliyemtungia? Ruhusa ya mmoja haifuti haki ya mwingine.

Sasa tuje kwenye kupiga ukumbini. Hapa kuna habari njema, kwenye nchi nyingi anayetakiwa kuwa na leseni ya kupiga muziki hadharani ni mwenye ukumbi au mwandaaji wa tukio, sio dijei. Analipa kwa vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo. Ufaransa upande wa watunzi ni SACEM, Ujerumani ni GEMA, Uingereza PRS (watunzi) na PPL (rekodi) wanatoa leseni moja ya pamoja tangu 2018, Marekani wapo ASCAP, BMI na wengine, na huko Marekani klabu inalipia utunzi tu kwa sababu sheria yao inaipa rekodi haki ya malipo pale inaporushwa kidijitali, sio inapopigwa kwenye spika za klabu. Tafuta chama cha nchi unayopiga, sio cha nchi unayoishi, maana leseni inafuata mahali muziki unaposikika.

Ila "kwa kawaida analipa mwenye ukumbi" usiiache hewani hivyohivyo. Uliza kabla hujachukua adivansi, na iandike kwenye mkataba, hata kama mkataba wenu ni meseji za WhatsApp. Unaweza kutumia maneno kama haya: "Mwandaaji ndiye atakayehakikisha leseni ya kupiga muziki hadharani ipo na imelipiwa kwa tarehe na mahali pa tukio, na ndiye atakayewajibika kwa madai yoyote yatakayotokana na kukosekana kwake." Mwandaaji anayejielewa hatakataa. Akianza kuzunguka, mara "hiyo tutaona huko huko", bora umejua mapema. Na wewe mwenyewe ukiandaa pati yako, ukakodi ukumbi ukauza tiketi, jua hapo umekuwa mwandaaji, kwa hiyo mzigo wa leseni unaweza kuwa wako, ongea na ukumbi mjue leseni yao inafika hadi kwenye tukio lako au inaishia kwenye muziki wao wa kila siku tu.

Kuna kitu kidogo hapa ambacho nakipigania sana, orodha ya nyimbo ulizopiga. Programu za kupigia kama Serato na rekordbox zote zinahifadhi historia ya seti, yaani nyimbo ulizopiga kwa mfuatano, unaitoa baada ya shoo unapata jina la trak na msanii. Vyama vingi vikikosa taarifa vinagawa pesa kwa kukisia, wanatumia redio na sampuli, kwa hiyo hela ya usiku uliopiga wasanii wadogo mwanzo mwisho inaweza kuishia kwa wakubwa ambao hata hukuwagusa. Kama chama cha hapo kinapokea orodha, ipeleke au mpe mwenye ukumbi aipeleke. Ni kazi ya dakika chache na ndo njia ya uhakika zaidi ya dijei kumlipa msanii anayempenda. Hakikisha tu mafaili yako yana majina kamili, orodha iliyojaa "track01 final final" haimsaidii mtu.

Haya, kustrimi ndani ya programu za kupigia. Hapa watu wanachanganyikiwa sana na siwalaumu, mambo yenyewe yamekuwa yakibadilika. Spotify iliwahi kufanya kazi ndani ya programu iitwayo djay, tarehe 1 Julai 2020 ikaondolewa kwenye programu za madijei, mwaka 2025 ikarudi, safari hii kwenye rekordbox, Serato na djay. Apple Music nayo imeingia kwenye programu kadhaa, TIDAL na SoundCloud zipo, Beatport wana huduma yao ya kustrimi waliyoitengeneza kwa ajili ya madijei kabisa. Mtu akiona trak inaingia kwenye deki anasema basi, imeruhusiwa. Hapana. Programu kuunganishwa na huduma ni makubaliano ya kiufundi na kibiashara kati ya hizo kampuni mbili, hayaondoi yale masharti ya matumizi binafsi uliyoyakubali siku unafungua akaunti, na leseni ya ukumbi nayo haibadilishi mkataba kati yako na huduma ya kustrimi. Ukumbi unaweza kuwa umelipa kila kitu sawasawa na wewe bado ukawa umevunja masharti, na akaunti ikafungwa.

Ushauri wangu, tumia kustrimi kwa kufanya mazoezi, kutafuta nyimbo mpya, kupanga seti nyumbani. Kwa kazi ya kulipwa beba mafaili yako. Achana hata na sheria, trak inaweza kutolewa kwenye huduma Ijumaa mchana wakati Jumamosi unaihitaji, intaneti ya ukumbini inakata katikati ya wimbo, na ukiwa na trak za kustrimi kitufe cha kurekodi seti kwenye programu kama Serato kinazimwa. Kama lazima ustrimi kazini, chagua huduma iliyolengwa kwa madijei, soma sehemu ya masharti inayozungumzia kupiga hadharani (itafute kwa macho yako, usiulize kwenye grupu), alafu kama kifurushi kinaruhusu kuhifadhi trak ofulaini zihifadhi mapema.

Kwenye kunakili, kanuni ni nunua na tunza risiti. Nunua kwenye maduka yanayowahudumia madijei, kama Beatport, au moja kwa moja kwa msanii kupitia Bandcamp ambako sehemu kubwa ya hela inamfikia. Duka la iTunes lenyewe lina sharti la matumizi binafsi kwenye mafaili wanayouza, kwa hiyo kununua peke yake sio jibu la kila kitu. Zipo pia huduma za rekodi puli, unalipia kwa mwezi na lebo zenyewe zimeruhusu madijei wapakue, unapata na vesheni zenye intro ndefu au zilizosafishwa matusi, kwa dijei wa kazi nyingi hii ni hela iliyotumika vizuri. Kuvuta sauti kutoka YouTube kwa zile tovuti za kubadilisha kuwa MP3 acha kabisa, unavunja masharti ya jukwaa, msanii hapati kitu, na sauti yenyewe ikipita kwenye spika kubwa inakuaibisha.

Na nchi nyingine kunakili kuna leseni yake kabisa, Ujerumani GEMA waliweka ya madijei mwaka 2013, inahusu nakala unazotengeneza ili ukapige hadharani. Usipige simu chamani kuuliza tu "naruhusiwa kupiga?", uliza pia "nakala zilizo kwenye lapitopu yangu mnazihesabuje?"

Kurusha mtandaoni ndo kwenye maumivu makubwa, kwa sababu hapa leseni ya ukumbi haikusaidii kabisa. Umepiga klabu yenye leseni, umerekodi, umepandisha, hicho ni kitendo kingine kipya. Jukwaa la Mixcloud lilijengwa kwa ajili ya mixi ndefu na lina makubaliano na wenye haki, pamoja na masharti kama kikomo cha trak za msanii mmoja ndani ya mixi moja, kwa hiyo mixi zako zikae huko kwanza. Kwenye Twitch, jukwaa la kurusha video laivu, mwaka 2020 madijei na wengine walipokea lundo la madai wakafutiwa video, ilipofika Agosti 2024 wakaleta mpango maalum wa madijei wenye makubaliano na kampuni za muziki Universal, Warner, Sony na Merlin (inayowakilisha lebo huru). Unajiunga mwenyewe, sehemu ya mapato inaenda kwa wenye muziki, na angalia hapa, unahusu kurusha laivu tu. Video zilizobaki baada ya laivu na vipande vifupi havimo, vizime kwenye mipangilio kabla hujaanza.

Mixi fupi fupi na mashapu (nyimbo mbili au zaidi zilizounganishwa kuwa moja) nazo zina uongo wake, ule wa "sekunde 30 ni bure" au "ukibadilisha kidogo ni yako". Hakuna sheria hiyo. Kundi la Kraftwerk lilibishana mahakamani zaidi ya miaka 20 kuhusu kipande cha sekunde 2 tu cha rekodi yao kilichotumiwa kwenye wimbo wa mtu mwingine, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hata kipande kifupi cha rekodi kinahitaji ruhusa ya mtayarishaji, isipokuwa kama kimebadilishwa hadi msikilizaji hawezi kukitambua. Kuandika "sina haki za wimbo huu" chini ya video nako hakukupi kinga yoyote.

Ukipata taarifa YouTube usikurupuke. Dai la Content ID (mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo ndani ya video) na straiki ni vitu viwili tofauti. Dai la Content ID mara nyingi maana yake matangazo yanaenda kwa mwenye wimbo au video inafungwa nchi fulani, chaneli yako iko salama. Straiki ni mwenye haki ameomba rasmi video iondolewe, na 3 ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufutwa. Pinga pale tu ambapo una karatasi mkononi, risiti ya leseni au barua ya ruhusa. Ukipinga dai, aliyekudai ana siku 30 za kujibu, na ukipinga bila ushahidi anaweza kuligeuza kuwa straiki. Kama huna karatasi, kata hicho kipande cha video chenye wimbo au ishushe, alafu mwandikie mwenye rekodi umuombe ruhusa, utaje trak, dakika ulizotumia na mahali unapotaka kuiweka, lebo ndogo nyingi zinajibu, na jibu likija lihifadhi kwenye folda moja na risiti zako.