Jinsi ya kuitazama michoro ya Longthorpe Tower

Kabla ya kufunga safari, hakikisha siku hiyo pamefunguliwa. Mnara huu wa Peterborough, Uingereza, haupokei wageni kila siku, na inauma kufika ukakuta kufuli.

Ukishapanda hadi chumba kikuu, usikimbilie kupiga picha. Simama katikati, acha macho yazoee. Michoro ni ya takriban 1330, imefifia, na inajitokeza polepole. Kwa karne nyingi ilifunikwa kwa chokaa, hadi ilipogunduliwa miaka ya 1940. Naamini chokaa hiyo ndiyo iliyoiokoa.

Mimi huanza juu ya meko. Mfalme amesimama nyuma ya gurudumu, na kwenye ukingo wake wamo viumbe wa hisi tano: jogoo wa kuona, nguruwe mwitu wa kusikia, tumbusi wa kunusa, tumbili wa kuonja, na buibui na utando wake kwa kugusa. Mtafute huyo buibui kwa subira, anastahili.

Kisha watazame ndege wa mabwawani waliochorwa humo, uwalinganishe na wa leo.

Begi la mgongoni livue ulishike mbele, maana likikwaruza ukuta, rangi hairudi. Na usiguse, hata kwa ncha ya kidole.