Zaidi ya because: namna ya kutumia now that, seeing that, in that na wenzake

Wengi tukishaijua because tunaganda nayo, kila sababu ni because tu. Sio kosa, lakini kuna viunganishi vya maneno mawili matatu vinavyotaja sababu na kuongeza kitu juu yake, na hapo ndo kiingereza kinaponoga.

Anza na now that. Hii inataka sababu iliyotokana na mabadiliko, yaani mwanzo haikuwa hivyo, sasa imekuwa. Now that the children are asleep, we can talk. Ni kama kusema "maadamu watoto wameshalala, tuongee". Kama hakuna kilichobadilika iache.

Seeing that na given that ni za sababu ambayo hata unayeongea naye anaiona au anaijua, kwahiyo humpi habari mpya, unaijengea hoja tu: Seeing that it is already late, let's go tomorrow. Given that utaikuta zaidi kwenye maandishi.

Inayosumbua watu ni in that. Hii haisemi kwanini jambo limetokea, inaonyesha ulichosema ni kweli kwa upande gani. She was lucky in that she had patient teachers, yaani bahati yake ilikuwa hapo kwenye walimu. Usiianzishie sentensi, inafuata baada ya kauli.

On the grounds that ni sababu rasmi ambayo mtu ameitoa kutetea uamuzi, na wewe unayesimulia si lazima uikubali: They rejected his application on the grounds that it came late.

Sasa angalia hapa maana ndo tunapoangukia sana. Sisi tuna "kwa sababu mvua ilinyesha" na "kwa sababu ya mvua", na hiyo "ya" inabadilisha kinachofuata, basi kiingereza nacho kiko hivyohivyo, because it rained ila because of the rain. Given nayo ni hivyo: given her age, lakini given that she is young.

Halafu kuna ile "basi" yetu. Tunasema "kwa kuwa umefika, basi tuanze", mtu anaihamisha nzimanzima anaandika Now that you are here, so let's start. Hiyo so itoe, kiunganishi kimoja kinatosha: Now that you are here, let's start. Na sababu ikitangulia weka mkato kabla ya sehemu ya pili, ikija mwisho mara nyingi mkato hauhitajiki.