Shahidi wa wosia wako atasimama mbele ya hakimu: mchague kwa kuiwaza siku hiyo

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mkoani Shinyanga kwa miaka 27. Kazi yangu ilikuwa kufungua majalada, kuita mashauri na kuwaelekeza watu wakae wapi. Mirathi ndiyo mashauri yaliyonichosha moyo kuliko yote, maana pale unakutana na ndugu wa tumbo moja ambao wiki mbili kabla walikuwa wanakula ubwabwa wa msiba kwenye sinia moja.

Wosia niliouona ukianguka, mara nyingi haukuangushwa na maneno yaliyoandikwa ndani. Uliangushwa na yale majina ya chini kabisa, majina ya mashahidi.

Kuna mzee mmoja simsahau. Alikuwa na mashine mbili za kusaga, ng'ombe, na nyumba ya tofali za kuchoma aliyotaka abaki nayo mke wake mdogo. Karatasi yake ilikuwa safi: imepigwa chapa, ina tarehe, na dole gumba la wino wa bluu limetoka vizuri hadi mistari ya kidole inahesabika. Shahidi wa kwanza alikuwa jirani mwenye duka. Hakimu akamuuliza swali moja tu: "Siku mzee anaweka dole gumba, wewe ulikuwa wapi?" Yule jirani ni mkweli. Akasema, "Nilikuwa dukani kwangu. Kijana wake aliniletea karatasi jioni, nikasaini kwa kuwa namwamini." Wa pili naye akasema hivyohivyo. Wosia ukawekwa kando na mali ikagawanywa kana kwamba mzee alikufa bila kusema neno. Mama yule akabaki akingoja hisani ya watoto wa mke mkubwa.

Kwetu huku jambo hili lina uzito wa pekee. Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, zinampa mtoto wa kike fungu dogo kuliko wote, na mjane zinamwachia watoto wake wamtunze. Wajane wawili wa Shinyanga walilifikisha suala hilo hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zimevunjwa. Kwa hiyo baba anayetaka mkewe au binti yake apate kitu cha maana, njia aliyo nayo mkononi ni kugawa angali hai au kuandika wosia unaosimama. Ndiyo maana nasisitiza hili la mashahidi hadi watu wananiona msumbufu.

Kwanza, jua unaandika chini ya sheria ipi

Tanzania haina sheria moja ya wosia kwa watu wote. Ukiishi kimila, unaangukia Sheria za Wosia zilizomo katika tangazo hilohilo la 1963. Ukiwa Mwislamu na mambo yako unayaendesha Kiislamu, ni sheria ya Kiislamu: usia hauzidi theluthi moja ya mali, na haumwendei mtu ambaye tayari ni mrithi isipokuwa warithi wenzake wakiridhia. Mashahidi wawili waadilifu wametajwa katika Kurani yenyewe, sura ya tano aya ya 106. Ukiwa Mkristo uliyeachana na maisha ya kimila, utakuta bado tunatumia Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, inayotaka mashahidi wawili au zaidi.

Mahakama hutazama maisha uliyoishi, haiishii kwenye jina la ubatizo. Nimeona Mkristo wa kila Jumapili akihesabiwa ni mtu wa mila kwa sababu alioa kimila, akaishi kijijini kimila, na mambo yake yote yakaamuliwa na ukoo. Kama una shaka uko upande gani, andika wosia utakaotosheleza ule upande wenye masharti makali zaidi ya mashahidi. Ila kuhusu mke kuwa shahidi, sheria hizi hazikubaliani kama utakavyoona, hivyo hapo muulize mtu wa sheria kwanza.

Hesabu ya mashahidi

Kwa wosia wa kimila wa maandishi, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, yaani asiye ndugu. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wasiopungua wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Mashahidi hao wenyewe lazima wajue kusoma na kuandika. Mke, au wake, walio nyumbani wakati huo nao washuhudie. Wosia wa mdomo unataka watu wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Na jambo ambalo wengi hawalijui: wosia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya mdomo. Mzee akiandika leo, kesho kitandani akasema "nimebadili", yale maandishi ndiyo yanayobaki.

Ushauri wangu ni kuweka wanne hata kama umesoma hadi chuo kikuu. Watu wanahama na watu wanakufa.

Sasa, nani?

Watu wengi wanaanza na heshima: mkubwa wa ukoo, mzee wa kanisa, rafiki wa tangu ujana. Mimi naomba uanze na swali lingine. Mtu huyu akiitwa mahakamani miaka kumi na mitano ijayo, atakuwepo? Atafika? Atasema alichokiona bila kutetereka mbele ya wanao wakimkodolea macho?

Ukilishika swali hilo, mengi yanajipanga. Shahidi awe mdogo kwako kwa umri, kama miaka kumi hivi au zaidi. Mzee wa miaka 70 anayeshuhudiwa na rafiki zake wawili wa miaka 75 anaandika wosia ambao hautakuwa na msemaji. Awe mtu anayepatikana, mwenye mji wake na shughuli inayojulikana. Mwalimu, muuguzi, fundi cherehani, mkulima mwenye jina zuri, wote wanafaa. Kijana anayekwenda machimboni na kurudi baada ya miaka mitatu hafai, hata kama unampenda. Mlevi hafai kabisa, wakili wa upande wa pili atamalizana naye kwa maswali mawili.

Asiwe anayenufaika. Hapa ndipo watu wanapoumia wakidhani wanafanya wema. Chini ya ile sheria ya 1865, ukimwachia mtu kitu naye akasaini kama shahidi, wosia unaendelea kuwa hai lakini zawadi yake inakufa. Na haimgusi yeye peke yake: mume au mke wa shahidi akiachiwa kitu, zawadi hiyo nayo inaanguka. Kwa hiyo umemwachia binti yako shamba la mpunga, kisha ukamwita mkwe wako asaini kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri pale nyumbani. Umemnyang'anya binti yako shamba kwa mkono wako mwenyewe. Kwenye mila pia mrithi asiwe shahidi, mbali na mke kama nilivyoeleza. Mimi naongeza hata shemeji na wakwe wa warithi uwakwepe. Sheria inaweza isiwakatae, ila maneno yao yatatiliwa shaka.

Yule shahidi wa ukoo ndiye mgumu kumpata, maana ukoo ndio wenye maslahi. Mtafute kwa baba mkubwa au baba mdogo, mtu wa damu ambaye kwa hali ilivyo hatarithi kwako kwa kuwa una watoto. Usimtafute shangazi uliyegombana naye kuhusu mahari ukidhani kusaini kutawapatanisha. Na kama kuna mtoto unayetaka kumnyima urithi, usimwendee shahidi kimyakimya. Sheria za kimila zinataka sababu itajwe waziwazi, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea mbele yako au mbele ya baraza la ukoo. Hilo ni jambo la kupeleka kwa mtu wa sheria kabla hujashika kalamu.

Siku yenyewe

Ita wote wakae chumba kimoja, wakati mmoja. Warithi watoke, mbali na mke anayeshuhudia, waende hata kuchota maji. Kama hujui kusoma, karatasi isomwe kwa sauti mwanzo hadi mwisho kwa lugha unayoielewa vizuri. Kama ni Kisukuma, iwe Kisukuma, kisha wewe useme kwa kinywa chako, "Haya ndiyo niliyotaka." Ndipo uweke saini au dole gumba.

Dole gumba lina namna yake. Osha kidole kwa sabuni, ukikaushe, maana mkono wenye mafuta au vumbi la shamba unatoa doa tu. Gusisha kidole kwenye pedi ya wino kidogo, kisha kiviringishe kutoka upande mmoja hadi mwingine mara moja. Usikandamize. Pembeni aandike mtu: "Dole gumba la kulia la," halafu jina. Fanya hivyo kila ukurasa. Baada yako mashahidi wasaini mmoja mmoja, wewe ukiwaona: jina kamili, kazi, kijiji, namba ya simu, tarehe. Wino uwe wa kalamu moja, penseli isiguse karatasi hiyo.

Kama unaumwa, mwombe daktari au muuguzi anayekuhudumia awe mmoja wa mashahidi, au akuandikie barua ya siku hiyohiyo kwamba akili yako iko timamu. Dai la "baba alikuwa hajitambui" nimelisikia mara nyingi kuliko dai lingine lolote.

Muhuri wa mtendaji wa kijiji ni mzuri kuwa nao, lakini hauchukui nafasi ya shahidi. Nimeona karatasi yenye mihuri mitatu na shahidi mmoja. Haikufika mbali.

Msaada wa kweli

Usiandikiwe wosia na mtoto anayerithi. Hata akiwa mwaminifu kama malaika, wenzake watasema alikushika mkono. Kijana wa duka la steshenari anajua kupiga chapa, lakini hajui kukuuliza maswali.

Maswali yenyewe ni kama haya: nyumba hii ni yako peke yako au mmechuma na mkeo? Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 mke ana haki katika mlichochuma pamoja, nawe huwezi kuusia kisicho chako. Shamba lina hatimiliki ya kimila au mipaka inajulikana kwa mdomo tu? Nani atakuwa msimamizi wa mirathi? Mtu wa kukuuliza hayo ni wakili, au ofisa wa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, ambaye pia huandika na kuhifadhi wosia. Ukiuacha RITA, hauwezi kuchomwa jikoni na mtu usiku wa msiba.

Kama huna hela ya wakili, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wako wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya watakuelekeza. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kukutoza ada wala kusimama mahakamani kama wakili, hivyo anayejiita hivyo halafu akakutajia bei, ondoka. Atakueleza utaratibu na kukuonyesha mlango sahihi, na kwa mtu mwenye nyumba moja na mashamba mawili, mara nyingi hapo pamemtosha kuanzia.

Nakala moja iwe kwa mhifadhi, nyingine kwa shahidi baki. Mwambie msimamizi ilipo.

Wosia wangu niliuandika mwaka niliostaafu. Mashahidi ni wanne: binamu yangu fundi cherehani, mtoto wa baba mdogo, muuguzi wa zahanati, na mwalimu wa shule ya msingi tuliyekuwa jirani. Mwalimu alifariki mwezi wa nne. Wosia haukufa naye, watatu bado wapo, lakini nimeshaongea na mwalimu mwingine, kijana wa miaka 34 mwenye familia hapa hapa. Jumamosi tunakaa sebuleni kwangu kuuandika upya, na pedi ya wino nimeshanunua kwa ajili ya mama yangu, ambaye amesema naye anataka wa kwake siku hiyohiyo.