Kuchagua vifaa vya kompyuta yako ya kwanza ya gemu kwa bajeti ndogo: anza na skrini, prosesa itasubiri

Wengi wanaonijia wanataka kufunga mashine ya gemu huwa washanunua kitu kimoja tayari, na mara nyingi ni prosesa, ile chipu inayofanya mahesabu ya kompyuta. Mtu kapata i7, prosesa ya Intel, ya mtumba kwa bei rahisi, anakuja nayo mfukoni ananiambia kaka nishaanza, sasa nisaidie kumalizia. Naiangalia naona ni 3770, i7 ya mwaka 2012, inatumia RAM (memori ya muda) za DDR3, aina ya zamani, na madabodi zake (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) mpya ni adimu, kwahiyo ataanza kuzunguka Kariakoo nzima anatafuta madabodi kuukuu ambayo hata akiipata hana uhakika itaishi miezi mingapi. Inaniuma sana hii, maana hela ile kaikusanya kidogo kidogo.

Ndo maana naandika kwa mpangilio ninaoutumia mimi mwenyewe nikifungia watu mashine hapa Dar. Usiruke hatua, kila moja inaamua inayofuata.

Hatua ya 1: andika gemu unazocheza, alafu angalia skrini

Chukua karatasi uandike gemu 3 ambazo kweli utazicheza. Anayetaka Valorant na GTA V, anayetaka FC ya mpira, na anayetaka gemu mpya nzito zinazotoka mwaka huu, hawa hawahitaji mashine moja.

Baada ya hapo skrini. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli (vidoti vya picha) kama milioni 2, ile ya 1440 inafika milioni 3.7 hivi, na 4K inapita milioni 8, na kadi yako ya grafiki, kifaa kinachotengeneza picha za gemu, inazichora zote upya kila fremu, yaani kila picha moja. Sasa ukinunua monita ya 4K sababu umeikuta bei nzuri, umeshajibebesha kazi mara 4 kabla hata hujanunua kadi. Kwa bajeti ndogo baki kwenye 1080. Na kama monita ni ya Hz 60, hata kadi ikitoa fremu 150 yenyewe itakuonyesha 60 kwa sekunde.

Monita za mtumba za ofisini zinafaa kabisa, ila kagua namba nyuma au kwenye settingi, nyingi za inchi 20 na 22 ni 1600 kwa 900 au 1680 kwa 1050. Angalia na matundu ya waya, za zamani zina VGA na DVI tu wakati kadi za sasa zinatoka na HDMI na DisplayPort, usije ukafika nyumbani usiku huna adapta. Ukitumia TV ya sebuleni, washa ile modi ya gemu kwenye menyu yake, la sivyo utabonyeza na mchezaji atachelewa kupiga.

Hatua ya 2: gawa hela kwenye karatasi ileile

Monita iweke pembeni. Hela iliyobaki naigawa hivi: kadi ya grafiki asilimia 40, prosesa na madabodi kwa pamoja 28, RAM na SSD (diski ya kuhifadhia gemu) 17, pawa saplai (inayogawa umeme) na keisi (boksi la mashine) 15. Sio sheria, lakini ukijikuta prosesa peke yake inakula nusu ya hela ujue umepotea njia.

Hatua ya 3: kadi ya grafiki

Hapa kaa muda mrefu, hapa ndo gemu inapochezwa.

Kwa 1080, kadi ninayoipendekeza zaidi kwa mtu wa bajeti ni RX 6600, ina GB 8 na inakula wati 132 tu, umeme mdogo maana yake joto dogo na pawa saplai ya kawaida inatosha. Kama ni mtumba, GTX 1660 Super ya GB 6 bado inafanya kazi vizuri. RX 580 ya GB 8 ni rahisi zaidi lakini ni ya 2017 na inavuta wati 185, kwa chumba kisicho na AC mwezi wa Januari utaisikia. Kadi za GB 4 mimi kwa gemu mpya nimeshaacha kuzinunua, picha za gemu za siku hizi zinajaza ile memori halafu gemu inaanza kukwamakwama hata kama fremu kwa wastani zinaonekana nyingi. Na RX 6500 XT ikwepe kama madabodi yako ni ya zamani, ile inatumia njia 4 tu za PCIe, tundu la madabodi linalopokea kadi, ukiiweka kwenye sloti ya kizazi cha 3 inapoteza nguvu.

Sasa utapeli. Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha mfumo wake ikawa haihitaji tena kadi za grafiki kuchimba, na kadi nyingi sana zilizokuwa zinachimba usiku na mchana zikamwagwa sokoni duniani kote. Kadi iliyochimba sio lazima iwe mbovu, nimefunga kadhaa na zinaishi, ila feni zake zimechoka na pasta ya joto (ile krimu kati ya chipu na kipoozeo) imekauka, kwahiyo bei lazima ishuke na wewe uwe tayari kubadilisha. Kibaya zaidi ni kadi feki, mtu anachukua kadi ya zamani sana kama GTX 550 Ti, anaiandikia BIOS nyingine (programu ndogo ya ndani ya kifaa), Windows inakusomea GTX 1050 Ti. Weka GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kwenye flashi uende nayo dukani, inaitambua nyingi ya hizo na kukuandikia kabisa kwamba ni feki. Kwa RX 580 angalia idadi ya sheda (vitengo vidogo vya kuchora picha ndani ya kadi), ya kweli ina 2304, ukikuta 2048 hiyo nguvu yake ni ya RX 570 na ulipie bei ya 570.

Ukiwa dukani iombe iwashwe, endesha FurMark, programu ya kuikamua kadi, dakika 10 hadi 15 huku unaangalia joto. Ikipita nyuzi 85, au feni inakwaruza, au skrini inatoa vidoadoa vya rangi, rudisha mezani. Mulika na tochi ya simu kwenye skrubu na bano la chuma, sisi tunaoishi pwani hewa ya chumvi inakula vyuma, kutu ikiwa nyingi pale nje na ndani ipo. Muuzaji akikataa kuwasha usibishane naye, ondoka.

Kama hela ya kadi haijatimia, usinunue kadi mbovu ili mradi. Chukua Ryzen 5 5600G ambayo ina grafiki ndani yake, utacheza Valorant vizuri tu na GTA V kwa settingi za chini, alafu kadi utaongeza hela ikipatikana.

Hatua ya 4: prosesa na madabodi, vinunuliwe pamoja

Chaguo langu kwa bajeti ni Ryzen 5 5600 ya AMD, koa 6 (vitengo vinavyofanya kazi sambamba), soketi ya AM4. Ukitaka Intel basi i3-12100F, koa 4 lakini zina nguvu, soketi ya LGA1700. Soketi ndo inayosema prosesa gani itaingia kwenye madabodi gani, hakuna kulazimisha.

Soma herufi ya mwisho. F kwenye Intel maana yake haina grafiki ndani, bila kadi utawasha na skrini itabaki nyeusi, na Ryzen 5 5600 ya kawaida ni vilevile ingawa haina herufi. K ni ya watu wanaotaka kuongeza kasi wenyewe, inataka madabodi ya gharama, iache.

Madabodi ya AM4 chukua modeli ya B550, au B450 kama ni rahisi, lakini B450 ilitoka 2018 kabla ya hizi prosesa, kwahiyo muulize muuzaji kama BIOS imeshaapdetiwa na ikiwezekana aiwashe na prosesa yako palepale. AM5 ni mpya na itaishi muda zaidi lakini inakubali DDR5 peke yake na hapo bajeti inapasuka. Kwa mtumba kagua pini, za AM4 ziko kwenye prosesa, za Intel ziko kwenye madabodi ndani ya soketi, pini moja iliyopinda inaweza kuua upande mzima wa RAM.

Hatua ya 5: RAM na SSD

GB 16, na ziwe vijiti viwili vya 8, usichukue kimoja cha 16. Vikiwa viwili prosesa inasoma vyote kwa wakati mmoja, na kwa mwenye 5600G tofauti ni kubwa mno maana grafiki yake inaazima hiyohiyo RAM. DDR4 ya 3200 inatosha. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda sana sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya AI, kwahiyo vijiti vya mtumba viwili vinavyofanana sio aibu.

SSD isipungue GB 500. FC peke yake inataka kama GB 100. Na kama unategemea bando la simu, nenda na diski ya nje kwa rafiki mwenye fayba, kopi folda la gemu lako la Steam kutoka kwake, ukifika kwako Steam itakagua mafaili na kupakua yaliyopungua tu.

Hatua ya 6: pawa saplai, hapa usibane hela

Mashine yangu ya kwanza niliiwekea pawa saplai iliyoandikwa wati 600, nilipewa kama nyongeza na keisi. Ilifanya kazi miezi 4. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, nikasikia paa, harufu ya kuungua chumba kizima, na iliondoka na madabodi pamoja na diski yenye kazi zangu zote. Baadae niliifungua nikakuta ndani nyaya nyembamba na sehemu za vichujio ziko tupu, hazijawekwa kitu. Tangu siku hiyo sifungi mashine ya mtu kwa pawa ya aina hiyo hata anibembeleze vipi.

Usiamini namba kubwa ya kwenye boksi, soma lebo pembeni yake, tafuta mstari wa +12V uone ampea ngapi, zidisha kwa 12. Ikiandikwa ampea 20 hizo ni wati 240, hata boksi liseme 500. RX 6600 inataka 132, prosesa tuseme hadi 90, vilivyobaki 50, jumla haifiki 300, kwahiyo pawa ya kweli ya wati 550 yenye nembo ya 80 Plus Bronze (cheti cha kutopoteza umeme mwingi) inakutosha na akiba juu. Ibebe mkononi pia, nzuri ina uzito. Kama ni ya zamani yenye swichi ya 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla hujachomeka.

UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 ni ya kukupa dakika za kuzima vizuri, sio ya kumalizia mechi. Na umeme ukikatika, zima ukutani, subiri urudi na utulie dakika chache ndo uwashe. Ukigusa keisi ukahisi shoti kidogo, ethi ya nyumba ina shida, ita fundi umeme kwanza.

Kuna wanaochukua kompyuta za ofisi kama Dell OptiPlex wakaongeza kadi. Inawezekana na ni rahisi, ila chukua ile ndefu, nyembamba haipokei kadi za kawaida, na pawa zake nyingi hazina waya wa kadi, kwahiyo weka inayolishwa na sloti peke yake, GTX 1650 isiyo na tundu la waya au RTX 3050 ya GB 6. Intel iwe kizazi cha 8 kwenda juu, chini ya hapo Windows 11 haiikubali rasmi.

Hatua ya 7: keisi

Mbele iwe na wavu, sio kioo. Feni mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa, kichujio cha vumbi unakisafisha kila mwezi. Taa baadae.

Hatua ya 8: siku ya kuwasha

Usifunge kwenye keisi kwanza. Weka madabodi juu ya boksi lake, prosesa, feni, RAM kwenye sloti ya 2 na ya 4 kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kadi, pawa, washa. Kama umeweka kadi, waya wa monita chomeka kwenye kadi, sio kwenye madabodi, nimepigiwa simu usiku nyingi kwa hilo tu. Ingia BIOS uwashe XMP, settingi inayoipa RAM kasi yake kamili, bila hivyo RAM ya 3200 mara nyingi itakimbia 2133 au 2400. Alafu acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku kucha kabla hujaweka Windows, na asubuhi ukikuta mstari hata mmoja mwekundu, toa kijiti kimoja, pima kingine peke yake, kilicho kibovu rudisha dukani siku hiyohiyo na risiti yako mkononi.